Siku Moyo Unaporudishiwa Kazi Yake

Mtoto mchanga anatoka jasho akinyonya. Akina mama wengi wa Kasulo, huku Ngara, wameliona hilo wakadhani ni joto tu. Mama anamfunua blanketi, anampepea kwa pindo la kanga, naye anavuta mara mbili tatu, anaachia titi, anahema, anapitiwa na usingizi kabla hajashiba. Mwezi unapita. Kwenye kadi ya kliniki, mstari wa uzito uliotakiwa kupanda umelala. Hapo ndipo muuguzi makini wa zahanati anapouliza swali lenye thamani kuliko vipimo vingi: "Mama, akinyonya huwa anachoka?"

Ni wachache wanaofikiri kwamba kunyonya ni kazi. Kwa mtoto wa wiki sita, hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote alizopewa duniani. Ndilo jembe lake na ndicho kilima chake. Mtu mzima anayepanda kutoka mto Ruvubu na ndoo ya maji kichwani hulowa jasho usoni. Mtoto mwenye moyo dhaifu hulowa jasho lilelile akiwa amepakatwa na mama yake. Mimi huiona rehema katika jambo hili, kwamba dalili ya kwanza ya moyo unaolemewa imewekwa mahali ambapo mtu aliye karibu zaidi na mtoto ataiona, tena mara nane au kumi kwa siku, bila chombo chochote.

Moyo wenyewe ni kitu kidogo mno. Wa mtoto aliyezaliwa leo una uzito wa gramu 20 hivi na ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, ile ngumi inayozunguka kidole kimoja cha baba na kukijaza. Hupiga mara 120 hadi 160 kwa dakika. Tukichukua 140, basi kwa siku moja umepiga zaidi ya mara 200,000. Damu ya mtoto wa kilo tatu haizidi mililita 240 au 250. Haijazi chupa ya soda. Damu hiyo chache huzungushwa mwili mzima takribani mara mbili kila dakika, usiku na mchana, na hakuna aliyeufundisha moyo mapigo. Ulianza siku ya 22 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati mtoto hajafikia hata nusu ya punje ya mchele, na mama yake pengine hajajua kama amebeba. Tangu siku ile haujaomba ruhusa ya kupumzika.

Na ugumu uko hapohapo. Mfupa ukivunjika, fundi wa viungo huufunga gango, akaulaza hadi ujiunge. Tumbo likichafuka, mtu hufunga kula. Jicho likiuma, hufumbwa. Viungo vingi vimepewa namna ya kupumzika, lakini moyo haukupewa. Kama kuna namna ya kuulaza moyo kitandani na mwenye moyo akabaki hai, binadamu hakuijua kwa maelfu ya miaka.

Sasa tazama balaa linavyoweza kuingia. Virusi vya jamii ya Coxsackie, ambavyo kwa watoto wengi huleta homa na mafua ya siku chache, kwa mtoto mmoja mmoja huteremka hadi kwenye misuli ya moyo. Misuli inavimba na kulegea. Chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu kwenda mwilini, kinatanuka kama puto lililopulizwa mara nyingi. Kadiri kinavyotanuka ndivyo kinavyokosa nguvu ya kubana, na kadiri kinavyokosa nguvu ndivyo damu inavyobaki ndani na kukitanua zaidi. Moyo wa namna hii ungeweza kupona, kwa kuwa virusi hupita na uvimbe hushuka. Unachokosa ni muda. Unaumwa, na huku unaendelea kulibeba gunia lilelile lililokuwa likiulemea.

Mwaka 1990 huko Berlin, timu ya daktari Roland Hetzer ilimwekea mtoto wa miaka minane pampu nje ya mwili, ikaufanyia kazi moyo wake kwa siku kadhaa hadi alipopata moyo wa kupandikizwa. Baadaye zilitengenezwa pampu za aina hiyo zenye ukubwa tofauti, kuanzia za watu wazima hadi ile ndogo kabisa inayobeba mililita 10 tu. Kila mama aliyewahi kumpa mtoto dawa ya maji anakijua kipimo hicho: vijiko viwili vya dawa. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa watoto mwezi Desemba 2011.

Umbo lake ni rahisi kulieleza. Mrija mmoja hutoka kwenye ncha ya moyo, ukapita chini ya mbavu hadi nje ya ngozi. Mrija wa pili huingia palepale jirani, ukarudi hadi kwenye mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Katikati yake, juu ya tumbo la mtoto, kuna kibuyu cha plastiki angavu chenye utando ndani. Upande mmoja wa utando kuna damu, upande wa pili kuna hewa inayosukumwa na mashine iliyo pembeni ya kitanda. Hewa ikija, utando unasukumwa na damu inatoka. Hewa ikivutwa, damu inaingia. Valvu ndogo huizuia isirudi ilikotoka. Kwa kuwa plastiki ni angavu, damu ya mtoto inaonekana ikija na kwenda, na wauguzi hukimulika kibuyu kwa tochi mara kwa mara wakitafuta kidoa cheupe au cheusi pembeni mwa valvu. Kidoa kikionekana, damu imeanza kuganda.

Hofu hiyo si ya bure. Kati ya watoto 48 waliofuatiliwa katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, karibu watatu katika kila kumi walipata kiharusi. Damu haipendi kugusa kitu kisicho mwili. Ikigusa plastiki huganda, ikipewa dawa nyingi ya kuizuia isigande huvuja, na madaktari hutembea kati ya mashimo hayo mawili kila saa. Nayaandika haya kwa sababu sisi wa leo ni wepesi wa kuisifu mashine. Mashine hii ni neema, na ni neema yenye bei.

Tena, mashine yenyewe haiponyi kitu. Haina dawa ndani yake. Haiui kirusi hata kimoja wala haiungi hata uzi mmoja wa misuli. Inaondoa tu mzigo mabegani mwa moyo na kuubeba yenyewe. Kinachotokea baada ya hapo, katika giza la kifua, hakuna fundi anayekiamuru. Chumba kilichotanuka kinaanza kunywea, siku kwa siku. Seli zilizovutwa kupita kiasi zinarudi kwenye urefu wake. Uvimbe unashuka. Siku moja kwenye eko, kile kipimo kinachouonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, ukuta uliokuwa umelala unaonekana ukijisogeza.

Moyo wa mtoto una uwezo zaidi ya ule wa mtu mzima katika jambo hili. Mwaka 2011 watafiti wa Dallas waliondoa ncha ya moyo kwa vipanya vya siku moja, na ndani ya wiki tatu ncha ilikuwa imeota upya. Walipofanya vilevile kwa vipanya vya siku saba, haikuota, palibaki kovu. Kwa binadamu, watafiti wa Stockholm walipima ndani ya seli za moyo kaboni iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakatangaza mwaka 2009 kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takribani asilimia moja tu ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na mzee hata nusu ya hizo hafikishi. Sitaki kulinyoosha jambo hili kupita linapofika, maana mtoto si kipanya. Lakini wazee waliosema udongo upatilizwe ungali maji walikuwa wakisema juu ya malezi, na mimi nikiyasoma haya nauona moyo wa mtoto mchanga kama udongo ambao Mfinyanzi hajaondoa bado mkono wake.

Basi inafika siku ya kuitoa pampu. Si watoto wengi wanaoifikia. Walio wengi kati ya wanaowekewa pampu hii huishia kupandikizwa moyo wa mtoto mwingine, na wapo wanaofariki wakingoja. Wale ambao moyo wao wenyewe umeamka ni wachache, na kwa hiyo hakuna anayeharakisha. Kwanza kasi ya pampu inapunguzwa kidogo, na moyo unaachiwa sehemu ya mzigo. Siku inapita, inapunguzwa tena. Madaktari wanaangalia kama mtoto anakojoa vizuri, kama ini limevimba, kama anahema haraka. Kisha hufanyika jaribio kubwa: dawa ya kuzuia damu isigande inaongezwa na pampu inasimamishwa kabisa kwa dakika chache. Kibuyu kinatulia juu ya tumbo. Damu iliyo ndani yake imesimama, na mtu yeyote aliye chumbani anaona kwa macho yake kwamba kinachompa mtoto uhai dakika hii ni kile kisichoonekana.

Wazazi wamekaa wiki nyingi wakiizoea sauti ya mashine. Mlio wake ulikuwa faraja, kwa maana ukisikika mtoto yu hai. Kupona kwake kunakuja kama ukimya, na hapo mama anatakiwa aamini jambo ambalo kwa wiki nyingi lilikuwa kifo, kwamba mashine imekaa kimya na mwanawe anapumua. Sijui kama kuna imani ngumu kuliko hiyo.

Jaribio likifaulu, mtoto anarudishwa chumba cha upasuaji. Kifua kinafunguliwa mara ya pili. Makovu ya mara ya kwanza yameushikiza moyo kwenye vilivyouzunguka, kwa hiyo mpasuaji huubandua polepole. Mirija inakatwa na kutolewa. Tundu la kwenye ncha ya moyo linashonwa, na kwenye mshipa mkuu vilevile. Yale matundu mawili ya chini ya mbavu yanabaki kama alama mbili ndogo, ambazo mtoto akikua atamwuliza mama yake ni za nini.

Yupo daktari mmoja aliyelifuatilia swali hili la moyo kupumzika zaidi ya wengi, naye ni mtoto wa Afrika: Magdi Yacoub, aliyezaliwa Bilbeis, Misri, mwaka 1935. Shangazi yake kijana alikufa kwa ugonjwa wa valvu ya moyo, na kijana Magdi akaamua atakuwa mpasuaji wa moyo. Mwaka 1995 huko Uingereza aliletewa mtoto wa miaka miwili, Hannah Clark, ambaye moyo wake ulikuwa umevimba ukashindwa. Yacoub hakuutoa moyo huo. Aliuacha mahali pake, akapandikiza moyo wa mtoto mwingine ubavuni mwake ili uusaidie, na Hannah akaishi na mioyo miwili kifuani kwa zaidi ya miaka kumi. Moyo wa kupewa ulipoanza kukataliwa na mwili, na dawa za kuulinda zikiwa tayari zimemletea saratani, Februari 2006 wapasuaji wa London waliutoa. Yacoub, aliyekuwa amekwisha kustaafu upasuaji, alikuwepo kushauri. Moyo wa kuzaliwa wa Hannah, ule ulioonekana haufai, ukashika kazi peke yake. Mwaka uleule Yacoub na wenzake wakatangaza habari ya wagonjwa 15, watu wazima, waliowekewa pampu pamoja na dawa, na kati yao 11 mioyo ilipona kiasi cha pampu kutolewa.

Mwaka 2009 kituo chake cha moyo kikaanza kutibu watu bila malipo katika mji wa Aswan, ukingoni mwa mto Nile.

Nimewahi kusimama kwenye daraja la Rusumo, si mbali na Kasulo, nikayatazama maji. Ruvubu inatoka Burundi, inapita Ngara, inakutana na Nyabarongo inayotoka Rwanda, na kwa pamoja zinaitwa Kagera. Kisha yote yanajibana kwenye mwamba na kuanguka. Siku hizi nchi tatu zinagawana hapo umeme wa megawati 80, na malori yanayotoka bandarini yanapanga foleni kuvuka. Maji hayo yanakwenda Ziwa Victoria, yanatoka Jinja, yanavuka Uganda, Sudan Kusini na Sudan, hadi yapite Aswan. Yanapita mlangoni kwa Yacoub. Kilichopita miguuni pangu kilikuwa safarini kwenda huko, taratibu, bila kusimama, kama damu inavyotoka moyoni kwenda kidole cha mwisho cha mguu na bado ni damu ileile.

Lakini mtoto wa Kasulo hasafiri na maji. Sikujua kituo chochote Tanzania chenye pampu ile ya Berlin wakati naandika haya, na sitamfanya mama wa Kasulo aamini kwamba inamngoja njia panda. Safari yake ni nyingine. Kutoka zahanati anapelekwa hospitali ya Murgwanza au Rulenge, kutoka huko anaandikiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na pengine anaambiwa aendelee hadi Dar es Salaam, kama kilomita 1,300 kutoka Rusumo, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili. Upasuaji wa kufungua kifua ulikuwa umeanza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo, mtoto mwenye tundu kwenye moyo alisubiri nafasi ya India au Israel, na wengi walikufa wakisubiri. Daktari Godwin Godfrey alikwenda Holon, Israel, akajifunza kwa miaka kadhaa upasuaji wa mioyo ya watoto, akarudi nyumbani.

Na huko Dar es Salaam, nataka msomaji alijue hili, muujiza ninaoueleza hutokea, ila kwa saa badala ya wiki. Mtoto mwenye tundu kati ya vyumba vya moyo anaunganishwa na mashine ya moyo na mapafu. Dawa yenye potasiamu inaingizwa kwenye mishipa ya moyo, na moyo unasimama, umelegea na kupoa, ili mpasuaji aweze kushona kiraka kwenye kitu kisichoruka. Mashine inashika kazi. Tundu likizibwa, damu ya uvuguvugu inaruhusiwa kurudi kwenye misuli ya moyo, ikaiosha ile dawa. Mara nyingi hakuna anayeugusa. Kwanza unatetemeka. Kisha unapiga mara moja, unangoja, unapiga tena, na baada ya muda unashika mwendo wake. Mtaalamu wa mashine anapunguza mzunguko kidogo kidogo, na daktari wa usingizi anasoma presha kwa sauti, hadi mashine inasimama na mtoto anaendelea.

Kabla mashine hizi hazijakamilika, palikuwa na jaribio ambalo kila nikilikumbuka hunitetemesha. Tarehe 26 Machi 1954, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, daktari Walton Lillehei alimlaza mtoto wa mwaka mmoja mwenye tundu moyoni upande mmoja na baba yake upande wa pili. Mirija ikaunganisha mishipa yao. Damu chafu ya mtoto ilikwenda kwa baba, mapafu ya baba yakaisafisha, moyo wa baba ukaisukuma, na pampu ndogo ikairudisha kwa mtoto. Baba ndiye aliyekuwa mashine. Tundu lilizibwa, na baba akatenganishwa na mwanawe. Mtoto yule alifariki siku 11 baadaye kwa homa ya mapafu, lakini kiraka moyoni mwake kilikutwa kizima. Lillehei akaendelea na wengine. Hadi mwaka uliofuata walikuwa 45, na 28 kati yao walirudi nyumbani.

Lillehei hakuficha wazo lilikotoka. Lilitoka tumboni mwa mama. Huko, mtoto ambaye hajapumua hata mara moja hupewa hewa kwa damu ya mtu mwingine, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mashine ya kwanza ya kumbeba mtoto ambaye mapafu yake hayajaanza kazi haikutengenezwa Berlin wala Minneapolis. Kila mmoja wetu amewahi kuunganishwa nayo, kwa miezi tisa, na kila mmoja amewahi kutolewa.

Fikiri usiku mmoja kwenye chumba cha kujifungulia, mvua inanyesha juu ya bati, na malori yananguruma yakipanda kutoka mpakani. Mtoto anatoka. Muda mfupi baadaye mkunga anabana kitovu mahali pawili na kukata katikati. Kwa mtoto huyu, huo ndio wakati pampu ilipozimwa. Analia, na mapafu yaliyojaa majimaji yanafunguka. Damu ambayo haikuwa na haja ya kupita huko inamiminika mapafuni, inarudi upande wa kushoto wa moyo, na kwa nguvu ya kurudi kwake inausukuma mlango mdogo uliokuwa wazi kati ya vyumba vya juu, ukajifunga. Mlango huo ulitengenezwa ufungwe kwa pumzi ya kwanza. Njia nyingine, mrija mfupi unaounganisha mishipa miwili mikuu, inaanza kunywea, na kwa kawaida ndani ya siku mbili tatu imefunga. Hakuna aliyefungua kifua. Mkunga anamfuta mtoto, anampima, anaandika kwenye kadi: kilo tatu na gramu mia moja.

Asubuhi bibi anakuja na uji kwenye chupa ya chai. Anaomba apewe kondo, akalizike chini ya mgomba nyuma ya nyumba, kama lilivyozikwa la mama yake mtoto. Ndani, mtoto amelishika titi. Anavuta, anameza, anavuta tena, na bibi anapopitisha kiganja juu ya utosi wake anaukuta mkavu.